Mbwa Akiugua, Umwite Nani?

Vijijini kwetu Songea nyumba nyingi zina mbwa au paka, na nyingine zina wote wawili. Hatuwafugi kwa urembo. Mbwa hulinda mahindi shambani yasiliwe na nyani na nguruwe pori, na usiku hutuamsha mtu akija asiyeitwa. Paka hulinda ghala. Mwenye kihenge cha mahindi ajua vema hasara ya panya.

Lakini huyo mlinzi wetu akiugua twasema tu, "Ataponea mwenyewe." Asipopona, twamwita mtu wa kwanza apitaye na mfuko wa dawa, twamlipa, naye mbwa afa vilevile. Baadaye twanung'unika kwamba waganga wa wanyama hula fedha za watu bure. Yafaa basi tulizungumze jambo hili: nani wa kumwita, na jinsi ya kumtunza mnyama pasipo kumnyima mtoto daftari.

Najua wapo watakaouliza, je, ni halali Mkristo kutoa fedha kwa ajili ya mbwa, na hali nyumbani chumvi imekwisha? Swali hili ni jema, na Kanisa limelijibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, yafundisha mambo mawili pamoja. La kwanza, si haki kumtesa mnyama wala kumwua bila sababu. La pili, si haki kumtumia mnyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kuwaondolea watu taabu. Kitabu cha Mithali nacho, sura ya 12, mstari wa 10, chasema kwamba mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake. Hata katika Kitabu cha Tobiti mbwa ametajwa, akifuatana na kijana Tobia safarini. (Ndugu zetu Waprotestanti hawakihesabu kitabu hicho katika Biblia yao, kwa hiyo msishangae jirani akisema hajapata kuisikia habari hiyo.) Basi fedha ya mnyama iwepo, ila iwe kidogo, na itolewe kwa wakati wake.

Wakati wake ni kabla ya ugonjwa. Tuanze na kichaa cha mbwa, kwa maana hapo gharama ya uzembe huangukia mtu wala si mnyama peke yake. Ugonjwa huu hupita katika mate ya mnyama mgonjwa anapong'ata. Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Asia na Afrika, na katika kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Watoto ndio wachezao na mbwa, ndio wanaotumwa dukani jioni, na aghalabu huficha jeraha wasije wakagombezwa. Dalili zikisha kutokea kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Lakini zisipotokea bado, chanjo huokoa. Jambo hilo lajulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja mtoto Joseph Meister aliyeng'atwa na mbwa, naye mtoto akaishi.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Mbwa huchanjwa sindano moja kwa mwaka, kuanzia umri wa miezi 3. Mtu aliyeng'atwa huhitaji sindano kadhaa, kwa siku mbalimbali, na mara nyingi hulipia mwenyewe. Tena chanjo ya watu haipatikani katika kila zahanati. Kwa mtu wa Muhukuru au Mpitimbi maana yake ni kupanda gari kwenda mjini Songea au Peramiho, kurudi, na kwenda tena, na mtoto hawezi kwenda peke yake. Hapo hujahesabu siku za shamba zilizopotea. Fedha ya safari moja tu yaweza kuchanja mbwa wa nyumba kadhaa.

Kuchanja mbwa mmoja peke yake hakutoshi, iwapo mbwa wa majirani wote hawakuchanjwa. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Hayo yamejaribiwa katika nchi yetu. Tangu mwaka 2010 hadi 2015 mbwa walichanjwa kwa wingi katika mikoa ya kusini-mashariki, majirani zetu wa Lindi na Mtwara wakiwamo, na katika kisiwa cha Pemba. Kule Pemba ugonjwa ulikoma mwaka 2014. Kisha chanjo ikalegea, na mwishoni mwa mwaka 2016 ukaingia tena. Watu wakachanja upya, na mwaka 2018 ukakoma mara ya pili. Pemba imezungukwa na bahari pande zote, na bado ugonjwa ulipata njia ya kurudi. Kijiji chetu kimezungukwa na njia za miguu tu.

Haya, nani wa kumwita? Yafaa ujue kwamba hawa watu hawalingani. Yuko daktari wa mifugo mwenye shahada, na wengi wa hapa nchini wamesomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa muda wa miaka 5. Yuko bwana mifugo au bibi mifugo, aliyepata cheti au stashahada katika vyuo vya Wakala ya Mafunzo ya Mifugo. Kimoja cha vyuo hivyo kipo hapa hapa mkoani kwetu, Madaba. Na yuko muuza dawa, ambaye pengine hakusomea lolote ila kuuza. Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, anayefanya kazi ya kutibu wanyama sharti awe ameandikishwa na Baraza la Veterinari. Kumwuliza mtu kama ameandikishwa si utovu wa adabu. Fundi wa bati twamwuliza amejenga wapi. Seuze anayetaka kumchoma mnyama sindano!

Shauri langu ni hili: anza na bwana mifugo wa kata. Yu karibu, ni mtumishi wa umma, na chanjo, minyoo, kupe na vidonda ni kazi zake za kila siku. Mambo makubwa zaidi, kama mfupa uliovunjika, mnyama aliyeshindwa kuzaa, au upasuaji, yeye mwenyewe atakuelekeza kwa daktari wa mifugo wa halmashauri. Ukimpita bwana mifugo na kukimbilia mbali, utalipa nauli kwa neno ambalo ungeambiwa kijijini.

Mtu mzuri wa kazi hii hujulikana mapema. Kabla ya kufungua mfuko wake huuliza: mnyama ameanza lini, amekula nini, alichanjwa lini, ana umri gani. Humshika na kumtazama macho, ufizi na ngozi. Chanjo yake huitoa katika chombo chenye barafu. Ile iliyokaa mfukoni juani tangu asubuhi haina dhamana. Hukuonyesha tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye chupa. Sindano yake ni mpya. Bei huitaja kabla ya kazi, akikutengea ya dawa na ya safari yake, na jina la dawa hukuandikia. Na mimi nampenda zaidi yule ambaye mara nyingine husema, "Huyu hahitaji dawa, mpeni maji na kumpumzisha." Huyo angeweza kukuuzia kitu, naye hakukuuzia.

Jihadhari na mwenye chupa moja kwa magonjwa yote. Mnamjua: mbwa akikohoa, sindano ile ile ya njano; nguruwe akikataa kula, ile ile; kuku wakisinzia, ile ile. Dawa hiyo mara nyingi ni oksitetrasaiklini, na ni dawa njema mahali pake, kwa magonjwa ya bakteria. Haiui minyoo. Haizuii kichaa cha mbwa wala mdondo wa kuku, maana hayo huletwa na virusi. Na ikitumiwa ovyo, vijidudu huizoea, hata siku ile unapoihitaji kweli isifanye kazi. Hapo umelipa mara mbili.

Wapo pia wanaotibu wenyewe kwa vitu vya nyumbani, na hapa hapana budi niseme kwa nguvu. Usimpe paka panadoli, hata kipande. Dawa hiyo itutulizayo sisi maumivu ni sumu inayomwua paka. Usimmwagie mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia, na paka usimpake kabisa, maana dawa nyingine za kupe ambazo ng'ombe huzivumilia humwua paka kwa siku moja. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama miiba tumboni mwa mbwa, itupe mbali.

Yale yasiyo na gharama ni mengi kuliko tunavyodhani. Maji safi kila siku. Mahali pakavu pa kulala, pasipo vumbi la funza, kwa sababu funza wa mbwa ndio hao hao wa vidole vya watoto. Ugali wa dona wenye dagaa kidogo au mchuzi usio na chumvi nyingi. Kumkagua masikioni na katikati ya vidole, na kuwatoa kupe wangali wadogo. Dawa ya minyoo nayo si ghali, na kila miezi 3 yatosha kwa nyumba nyingi. Muulize bwana mifugo kipimo kwa uzito wa mbwa wako, usikate kidonge kwa macho.

Sasa habari ya fedha yenyewe. Chupa ya chanjo ya kichaa mara nyingi hutosha mbwa 10 au zaidi, na ikisha kufunguliwa haifai kuwekwa hata kesho. Bwana mifugo akiitwa kwa mbwa mmoja, ama chanjo yapotea, ama haji. Na pikipiki hutoza safari ile ile, akichanja mmoja au kumi na watano. Hapo ndipo jumuiya ndogo ndogo zetu zaweza kufaa. Mkikutana kusali wiki hii, hesabuni mbwa na paka wa nyumba zenu. Mchagueni mtu mmoja akaonane na bwana mifugo, aulize bei na siku. Aulize pia kama Serikali ina mpango wa kuchanja bure au kwa bei nafuu, kwa kuwa mipango hiyo hutokea. Siku ikipatikana, mleteeni karani wa parokia aiandike katika matangazo ya baada ya Misa. Ni mstari mmoja tu, hauchukui nafasi ya sadaka.

Wakati ulio bora kwetu ni baada ya mavuno, mahindi yakisha kuuzwa, na kabla ya mvua za Novemba kuharibu njia. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nayo yaangukia hapo hapo. Kila nyumba ikitenga sehemu ndogo ya fedha ya gunia moja, haitahangaika. Na kwa kuwa mmekwisha kumlipia safari, mwambieni aje na chanjo ya mdondo pia; ni tone moja jichoni mwa kuku, chupa moja hutosha mamia ya kuku, nayo hurudiwa kila miezi 3. Hapo mbwa wamelipiwa nusu ya nauli na kuku.

Si kila ugonjwa wa kugharimiwa. Mbwa akiwa mzee, au akiwa na uvimbe mkubwa, muulize daktari waziwazi: atapona, na kwa fedha ngapi? Akisema hatapona, usione haya kukoma. Lakini asiuawe kwa mawe na marungu watoto wakitazama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, na daktari anayo njia ya kumlaza pasipo maumivu.

Na kama mtu ameng'atwa, mambo haya yafanywe upesi. Osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo. Msilifunge kwa majani wala kulipaka chochote cha kienyeji. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Mwenye simu aulize kwanza ni hospitali ipi yenye chanjo, ili nauli isipotee. Mbwa yule, akishikika pasipo hatari, asiuawe papo hapo. Afungwe kwa siku 10 na bwana mifugo aarifiwe, kwa sababu mbwa mwenye kichaa kwa kawaida hafiki siku hizo akiwa mzima. Akifa, msimle wala kumchuna, wala msimzike kabla bwana mifugo hajasema, maana pengine kichwa chake kitatakiwa kupimwa.

Jambo moja dogo limebaki. Mbwa akichanjwa hupewa kadi. Wengi huiacha ikaliwa na mchwa, au huifanya ya kuwashia moto. Iweke pamoja na vyeti vya ubatizo na kadi za kliniki za watoto. Siku mtoto wa jirani atakapong'atwa na mbwa wako, mama yake atakuja mbio mlangoni pako kuuliza kama alichanjwa, na hospitalini wataliuliza swali hilo hilo.