Kiwavi wa Kwenye Mlimao

Ukiona kinyesi cha ndege kwenye jani changa la mlimao au mchungwa, kichungulie vizuri. Kikiwa cheusi chenye baka jeupe, kisha kikatambaa, mwite mtoto. Huyo ni kiwavi mchanga wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayeonekana karibu kote Afrika kusini mwa Sahara.

Shuleni watoto wadogo hukariri yai, kiwavi, pupa, kipepeo kutoka kwenye mchoro wenye mishale. Lakini mchoro hauli, haunuki, wala haumsubirishi mtu.

Mweke kiwavi kwenye chupa pana iliyofunikwa kitambaa chepesi, umbadilishie majani kila siku. (Viwavi wenye manyoya waache, wengine huwasha vibaya.) Atakula, atajivua ngozi mara nne, atageuka kijani. Hapo mtoto amguse taratibu kwa ncha ya jani. Nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini zenye harufu kali, silaha ya kufukuza wanaomwinda. Mtoto aliyeinusa harufu hiyo hatalisahau neno kiwavi.

Siku moja kiwavi ataacha kula, ajifunge kwenye kijiti kwa uzi wa hariri kama fundi wa umeme alivyojifunga mkanda juu ya nguzo. Walimu wengi husema sasa amelala. Naomba tuliache neno hilo. Ndani ya pupa sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi inavunjwavunjwa, na vikundi vya seli alivyovibeba tangu utotoni vinajenga mabawa, macho na miguu mirefu. Sema "anajengwa". Mtoto ataelewa, na atakuwa na sababu ya kusubiri zile wiki mbili au tatu.

Kipepeo akitoka, mabawa yamelowa na kukunjamana. Mkono wa mtoto utataka kumsaidia; uzuie. Kipepeo mwenyewe husukuma majimaji ya mwili kwenye mishipa ya mabawa mpaka yatanuke, na akikosa pa kuning'inia yatakauka yakiwa yamepinda, asiruke kamwe.

Kipepeo tuliyemlea sisi, alipotoka, alidondosha matone ya kahawia. Mwanangu wa miaka mitano akalia, akidhani ni damu. Nikamweleza kuwa ni taka za siku zote alizofungiwa. Akafuta machozi, akasogeza uso karibu, akaona mrija wa kunyonyea ukiwa bado nyuzi mbili, kipepeo akizikunja na kuzikunjua mpaka zikashikana.