Springi za nyuzi za kioo zaingia chini ya magari, je mafundi wetu watazimudu?

Sisi tuliokulia kwenye barabara za vumbi tunaijua springi kwa sauti yake. Miaka kadhaa kabla ya kuihama nchi, pikapu tuliyopanda ilikatika springi usiku, mbali na mji. Dereva hakubabaika. Alikata kipande cha mti, akakipachika kati ya ekseli na fremu, akakikaza kwa mpira wa tairi, tukafika salama. Kesho yake fundi alitia bamba la chuma lililotolewa kwenye gari bovu, na lile lililovunjika likaenda kwa mhunzi kufuliwa panga.

Chuma hicho sasa kina mshindani. Watengenezaji wa magari wanatumia springi za nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu ya epoksi au plastiki nyingine. Kioo cha dirisha hakikunjiki, lakini kikivutwa kuwa uzi mwembamba kuliko unywele hupinda bila kuvunjika. Mchanganyiko huo una uzito wa karibu robo ya chuma, na kwa kuwa ni mlegevu zaidi, kila kilo yake huhifadhi nguvu nyingi zaidi inapokunjwa na kuachiwa.

Si jambo la jana. Mwaka 1981, kampuni ya General Motors ya Marekani iliweka kwenye Chevrolet Corvette springi ya nyuma ya bamba moja isiyofika kilo 4, mahali pa ile ya chuma yenye karibu kilo 20. Mwaka 2014, Audi ya Ujerumani ilitangaza springi ya kuzunguka: nyuzi ndefu husokotwa na kulowekwa kwenye epoksi, mashine ikazizungushia nyuzi nyingine kwa mshazari, kisha zikaokwa kwenye tanuri. Ile ya chuma ilikuwa na kilo 2.7, hii kilo 1.6 tu. Volvo nayo ikaweka bamba la aina hiyo nyuma ya XC90 iliyoanza kuuzwa 2015, kwa magari yasiyotumia springi za upepo.

Kilo nne au tano kwa gari zima zinaweza kuonekana kichekesho. Lakini sehemu ya uzito wa springi huruka pamoja na gurudumu katika kila shimo, na gurudumu jepesi hushika barabara vizuri zaidi. Isitoshe, nyuzi hizi hazipati kutu, sifa ambayo mkazi wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa.

Hata hivyo chuma hakijashindwa. Ni rahisi, na Corvette yenyewe, ilipobadilishwa umbo kwa toleo la 2020, iliachana na bamba hilo na kurudi kwenye springi za chuma za kuzunguka.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni gereji za nyumbani. Magari yaliyotumika Japan na Uingereza ndiyo yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, na kilicho kipya Ulaya leo kitafika huko kikiwa kimechoka. Springi hii haichomelewi, haitobolewi, wala haipelekwi kwa mhunzi. Cheche za kuchomelea huunguza gundi, na jiwe likichubua ngozi yake maji hupenya hadi kwenye nyuzi. Jema lake ni kwamba mara nyingi huanza kwa kuchanika tabaka kwa tabaka kabla ya kukatika, lakini fundi ambaye hajaambiwa atadhani ni mikwaruzo tu.

Basi msomaji uliye Uingereza unayekusudia kumpelekea mzee gari, kabla ya kulipa omba linyanyuliwe, uchungulie nyuma kwa tochi. Ukiona bamba moja pana limelala kutoka gurudumu hadi gurudumu, nalo si la chuma, uliza bei ya jipya na linaagizwa wapi. Na fundi wa huko umpigie simu mapema, kabla gari halijapanda meli.