Je, wajua? Maserati 250F inayotoshea kiganjani

Tarehe 4 Agosti 1957, kwenye njia ya Nürburgring nchini Ujerumani, Juan Manuel Fangio wa Argentina alikuwa akiongoza mbio alipoingia kituoni kujaza mafuta na kubadilisha matairi. Aliporudi njiani, Ferrari mbili, ya Mike Hawthorn na ya Peter Collins, zilikuwa zimemtangulia kwa zaidi ya sekunde 40. Kila mzunguko ulikuwa wa kilomita 22 na ushei. Fangio akavunja rekodi ya njia hiyo mzunguko baada ya mzunguko, akawapita wote wawili katika mzunguko wa 21 kati ya 22, akashinda kwa sekunde 3.6. Huo ndio uliokuwa ushindi wake wa mwisho katika Grand Prix za ubingwa wa dunia. Gari aliloliendesha ni Maserati 250F.

Mwaka huohuo wa 1957, Mwingereza Fred Francis alitoa mchezo uitwao Scalextric. Kampuni yake, Minimodels, ilikuwa tayari inatengeneza vigari vya bati vya kuendeshwa kwa springi viitwavyo Scalex; sasa alivitia mota ya umeme na kuvipa njia yenye mfereji wa kuviongoza. Miongoni mwa magari ya kwanza kabisa ya mchezo huo lilikuwemo 250F. Hadi leo mafundi wa modeli hulirudia gari hili, na wengi hawanunui lililokamilika. Hulijenga wenyewe, kuanzia chasisi mpaka miwani ya dereva.

Kwanza tuone linavyokwenda. Chini ya pua ya gari kuna ulimi mdogo wa plastiki unaoingia katika mfereji. Kandokando ya mfereji kuna reli mbili za chuma zenye umeme wa volti 12 hivi, na ulimi hubeba vishungi viwili vya nyaya za shaba zilizosukwa, ambavyo husugua reli na kupeleka umeme kwenye mota. Mchezaji hana usukani. Ana kifyatuo mkononi: akikibonyeza, umeme huongezeka na gari huchapuka. Akikiachia, hutokea jambo linalonipendeza kuliko yote katika mchezo huu. Mota inayoendelea kuzungushwa na magurudumu hugeuka kuwa jenereta, na kifyatuo kilichoachiwa huziunganisha ncha zake mbili, hivyo umeme ule inaouzalisha huirudi yenyewe na kuizuia. Gari linafunga breki ilhali halina breki.

Skeli inayotumika sana ni 1/32. Katika 250F halisi, ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana mita 2.28, katika modeli ni milimita 71. Hapo hesabu ni nyepesi, na mtu anaweza kudhani kila kitu kitafuata. Hakifuati. Urefu ukigawanywa kwa 32, eneo hugawanyika kwa 1,024 na ujazo kwa 32,768. Gari halisi lilikuwa na kilo 650 hivi, kwa hiyo modeli yenye uzito wa haki ingekuwa na gramu 20 tu. Mota ndogo ya kawaida peke yake inakaribia gramu hizo. Modeli iliyokamilika mara nyingi huvuka gramu 70.

Mwendo nao una hesabu yake. 250F iliweza kufika kama kilomita 290 kwa saa, yaani mita 80 kwa sekunde. Gawanya kwa 32, upate mita 2.5 kwa sekunde: huo ndio mwendo wa juu ambao modeli ingestahili. Sasa tazama mota inayozunguka mara 20,000 kwa dakika, yenye gia ya meno 9 inayosukuma gia ya meno 27. Ekseli itazunguka karibu mara 6,700 kwa dakika, na kwa tairi la kipenyo cha milimita 22, gari lingekaribia mita 8 kwa sekunde kama lisingekuwa na kizuizi. Ndiyo maana anayejenga magari ya zamani huchagua mota pole, naye hufanya vema.

Hata hivyo, kona ndiyo mwalimu mkali zaidi. Mwendo ambao gari linaweza kukata nao kona hutegemea mshiko wa matairi, mvutano wa dunia na nusu kipenyo cha kona, nao hupanda kwa kipeuo cha pili cha nusu kipenyo hicho. Ukiipunguza kona mara 32, mwendo unaowezekana haupungui mara 32. Hupungua mara 5.7 hivi. Mvutano wa dunia haukupunguzwa pamoja na gari. Matokeo yake, modeli yenye mshiko sawa na gari halisi hukata kona kwa kasi ambayo, kwa kipimo cha skeli, ni karibu mara sita ya ile ya Fangio. Jicho hulitambua jambo hilo mara moja, hata kama mtazamaji hajui sababu.

Viwanda vingi vilitafuta njia ya mkato: kubandika sumaku chini ya chasisi ili ivutwe na reli. Gari hung'ang'ania njia, halianguki, na mtoto hufurahi. Kwa gari la 1957 naiona sumaku kuwa kosa. Lile gari lilisifika kwa jinsi dereva alivyoweza kulitelezesha kwenye kona kwa magurudumu yote manne na kulidhibiti kwa mguu wa mafuta. Modeli isiyo na sumaku, iliyoshikwa puani na ulimi wake, hutupa mkia nje kila unapobonyeza kifyatuo kupita kiasi, na hurudi ukilegeza kidole. Ukiiweka sumaku, umeufuta mkia huo.

Basi fundi hutafuta utulivu kwa risasi na kwa akili. Chasisi hukatwa kutoka bamba la shaba ya manjano, ikaunganishwa kwa lehemu na vipande vya waya mgumu wa chuma. Mota hulala kwa urefu katikati, gia yake ikisukuma ekseli ya nyuma. Magurudumu ya 250F yameachana kama mita 1.25 nyuma, yaani milimita 39 katika modeli, na bodi yake ni ndefu na nyembamba. Uzito ukipanda juu kidogo tu, gari hupinduka. Kwa hiyo vibamba vya risasi hugundishwa chini kabisa, karibu na njia, na kila kilicho juu hupunguzwa: bodi husuguliwa ndani mpaka iwe nyembamba, dereva hukatwa kiunoni, kwa kuwa miguu yake haionekani na nafasi yake imechukuliwa na mota. Skrubu za bodi hazikazwi hadi mwisho. Bodi inayocheza kidogo humeza mtikisiko ambao ungelirusha gari nje ya mfereji.

Matairi hunolewa kwa msasa uliobandikwa chini ya gurudumu linalozunguka, hadi yawe duara kamili. Ya nyuma hutakiwa kunata. Ya mbele hupakwa rangi ya kucha ili yateleze, maana tairi la mbele lenye mshiko hupanda na kuung'oa ulimi mferejini.

Urembo huchukua muda mrefu kuliko yote haya. Spoksi za magurudumu hutengenezwa kwa bati jembamba lililokatwa kwa tindikali, tabaka mbili zikipishana ili zionekane na kina. Bomba refu la moshi hupindwa kwa waya na kulazwa ubavuni. Yapo matundu ya kutolea joto kwenye boneti, yapo mkiani mfuniko wa tangi la mafuta, na rangi ni nyekundu, kwa kuwa zamani hizo gari la Italia lilikimbia kwa rangi ya taifa lake.

Lile tangi la mkiani lina maana kwa fundi. Fangio alianza mbio za Nürburgring na mafuta pungufu makusudi, ili gari liwe jepesi, huku Ferrari zikipanga kumaliza bila kusimama. Uzito wa modeli haubadiliki njiani, kwa hiyo mahali utakapoweka risasi ndipo unapochagua unajenga gari la tangi tupu au la tangi lililojaa.

Ukitaka kujaribu, usianze na bodi, hata kama ndiyo inayovutia macho. Jenga chasisi, iendeshe ikiwa tupu, hamisha risasi huku na huku mpaka ikate kona bila kuruka mferejini. Ikishatulia, ndipo uivike bodi nyekundu.