Jengo moja juu ya viwanja viwili: Hati zitangulie msingi

MFANYABIASHARA mwenye kiwanja chembamba katikati ya mji wa Bunda ana njia mbili za kupata duka kubwa. Apande juu kwa ghorofa, au anunue kiwanja cha jirani na kujenga jengo moja linalokalia vyote viwili. Wengi huiona njia ya pili kuwa nyepesi. Banda la zamani linabomolewa, msingi unachimbwa kutoka mwisho huu hadi ule, na bikoni zilizokuwa katikati zinafunikwa na zege. Wapangaji wanaingia.

Tatizo ni kwamba mpaka umefutika ardhini tu. Kwenye ramani ya upimaji na kwenye daftari la Msajili wa Hati bado upo pale pale.

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inahesabu jengo lililojengwa ardhini kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Kwa lugha ya sokoni, nyumba inafuata kiwanja. Kwa hiyo ghala lililokaa nusu huku na nusu kule ni mali mbili mbele ya sheria, hata kama hati zote zina jina la mtu mmoja. Zikiwa na majina mawili, mfano ya kaka na mdogo wake, hapo ndipo mgogoro wa mirathi huanzia.

Machungu zaidi huonekana kwenye mkopo. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa dagaa Musoma aliyeweka rehani hati ya kiwanja kimoja, huku ya pili ikiwa sandukuni nyumbani. Biashara ikiyumba, benki itauza kile ilichopewa. Mnunuzi atapata ardhi yenye nusu ya jengo, na pengine ngazi na choo viko upande ambao hakuununua. Ndiyo maana mthamini makini hulinganisha kwanza jengo na ramani, na mwombaji hushangaa kuona jengo lake kubwa likipewa thamani ndogo au mkopo ukikataliwa kabisa.

Kibali cha ujenzi nacho husumbua. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mtu haendelezi ardhi katika eneo la mipango bila idhini ya halmashauri. Nafasi ya kuacha pembeni hupimwa kutoka mpaka wa kiwanja, na kadhalika sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo. Mpaka ukipita katikati ya duka, nafasi hiyo ni sifuri.

Kanuni hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kuwasumbua watu. Inahusu moto, hewa na njia ya kutokea. Katika kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu nyingi za Marekani, ukuta wa pamoja uliokaa juu ya mpaka hutakiwa kuhimili moto kutoka pande zote mbili bila kuwa na mlango wala dirisha. Kwa kawaida pande hizo huhesabiwa kuwa majengo mawili. Mwenye duka moja pana lisilo na ukuta katikati hawezi kutimiza sharti hilo, hivyo ni bora mpaka wenyewe uondoke.

Mpaka huondolewa kwa kuunganisha viwanja. Mmiliki hupeleka maombi halmashauri, mchoro wa mipango miji unarekebishwa, mpima aliyesajiliwa anapima upya na ramani yake inaidhinishwa. Hati za zamani husalimishwa ili itolewe moja mpya. Matumizi ya viwanja hivyo yanapaswa kulingana. Kimoja kikiwa cha makazi na kingine cha biashara, kubadilisha matumizi hutangulia. Kama kimojawapo kiko rehani, benki lazima ikubali.

Ndugu au washirika wasiotaka kuchanganya mali wanaweza kuunganisha ardhi kisha wakagawana jengo kwa sehemu, kwa kutumia sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu kila mtu kuwa na hati ya sehemu yake ya jengo. Ngazi, paa na ua hubaki vya wote. Ni kazi ya kulipia wataalamu, lakini gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kubomoa.

Ipo mipaka isiyounganishwa kwa fedha yoyote. Katika barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari inayopita Bunda, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kandokando ya ziwa, Musoma ikiwemo, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60.

Katika vijiji vya Butiama mambo huenda kivingine. Wakulima wanaotaka kujenga ghala la pamoja juu ya mashamba mawili hawana bikoni za mji, wana mkatani au mti wa mpaka uliopandwa na babu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaruhusu kikundi kupewa hatimiliki ya kimila. Waliotoa ardhi waiachie kwa maandishi mbele ya halmashauri ya kijiji, na kikundi kipewe hati yake kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Kwa ambaye jirani amekwisha kuingia kwake, asikae kimya. Shauri la kudai ardhi lina ukomo wa miaka 12. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mlalamikaji huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akiwa na ramani yake mkononi.