Kisukari Hufuata Mwenendo wa Maisha

Wapo wengi wanaoamini kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri au wa mataifa ya mbali, na kwamba askari aliyezoea mazoezi hana haja ya kuuhofia. Tumeona inafaa dhana hiyo ichunguzwe, kwa kuwa ugonjwa huu hauenei kwa kiasi kimoja duniani, na sababu za tofauti hiyo zinamhusu sana mwanajeshi na polisi.

Ieleweke kwamba tunazungumzia kisukari kinachowapata zaidi watu wazima. Kongosho hutoa insulini, ambayo huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika misuli ili itumike kuwa nguvu. Mgonjwa wa aina hii huwa na insulini, walau mwanzoni, lakini mwili wake hauitii ipasavyo. Sukari hubaki katika damu, na polepole huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu.

Natutazame mfano wa Wapima, wenyeji wa asili wa jimbo la Arizona huko Marekani. Kwa karne nyingi walilima kwa maji ya mto Gila. Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi waliyageuzia maji hayo mashamba yao. Kilimo cha Wapima kikaanguka, nao wakaishia kutegemea unga mweupe, sukari na mafuta. Ndugu zao wa asili moja walibaki katika milima ya Sonora, nchini Meksiko, wakilima mahindi na maharagwe kwa jasho lao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, wenye kisukari walikuwa 38 huko Arizona, lakini karibu 7 tu huko Meksiko. Asili yao ni moja. Maisha yao ni mbalimbali.

Kisiwa cha Nauru, katika bahari ya Pasifiki, kina habari kama hiyo. Fosfeti iliwaletea wananchi wake utajiri. Wakaacha kuvua na kulima, wakala vyakula vya makopo na mchele kutoka ng'ambo. Uchunguzi wa mwaka 1975 ulikuta kwamba karibu theluthi moja ya watu wazima walikuwa na kisukari.

Nasi Waafrika hatukuepushwa. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania, uliotangazwa mwaka 1989, ulikuta wagonjwa wasiofika mmoja katika kila watu 100. Mwaka 2012, nchi nzima ilipochunguzwa, mijini na vijijini, miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64, walikuwa 9. Nchini Uganda, uchunguzi wa mwaka 2014 uliona kwamba wakazi wa mijini walipatwa zaidi ya mara mbili kuliko wa vijijini.

Hapa ndipo askari anapoguswa. Kuruti hukimbia alfajiri na kutembea na mzigo mgongoni, hivyo chakula chake huteketea chote. Miaka ikipita hupanda cheo, akapewa meza na gari; kisha hustaafu. Mwendo umepungua, lakini sahani imebaki ileile, na pengine bia imeongezeka. Amehama kutoka Sonora kwenda Arizona bila kuvuka mpaka.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mvua hii yaweza kunyesha miaka mingi bila wingu. Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, uchovu na vidonda visivyopona huja baada ya madhara kuanza. Kwa hiyo hapana budi kupima damu kabla ya kuugua, hasa kwa aliyenenepa tumboni au mwenye ndugu wa damu aliyepata ugonjwa huo.

La kutia moyo ni kwamba njia ya kurudi ipo. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba watu waliokaribia kuugua, walipopunguza uzito na kutembea kwa nguvu dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Hizo ni nusu saa tano tu. Askari aliyefundishwa kwata hawezi kudai kwamba hajui kutembea.