Fahamu: Jinsi uvumi ulivyochochea ghasia Uingereza

Julai 29, 2024, kijana wa miaka 17 mwenye kisu alivamia darasa la dansi la watoto mjini Southport, Uingereza. Wasichana watatu wadogo waliuawa.

Polisi hawakutaja jina la mshambuliaji, kwani alikuwa chini ya miaka 18. Mitandaoni uongo ukajaza pengo hilo: eti ni mwomba hifadhi Mwislamu aliyeingia nchini kwa boti. Kesho yake jioni, umati ukaushambulia msikiti wa mji huo kwa matofali na kuchoma gari la polisi.

Agosti 1, jaji aliruhusu jina litangazwe. Kijana huyo alizaliwa Cardiff, nchini humo humo.

Ukweli ulikuwa umechelewa. Huko Liverpool maktaba ya mtaa ilichomwa. Rotherham, hoteli walimokaa waomba hifadhi ilitiwa moto watu wakiwa ndani. Ghasia zilipungua baada ya askari polisi kumwagwa mitaani na mahakama kuanza kutoa vifungo ndani ya siku chache.

Southport kwenyewe, mafundi na majirani walijitokeza asubuhi baada ya shambulio kuujenga upya ukuta wa msikiti.

Ukipokea ujumbe unaomtaja mshambuliaji kabla ya polisi kuthibitisha, usiusambaze.