Gemu yenye matoleo mengi: lazima uanze na ya kwanza?

Msikilizaji, Grand Theft Auto: San Andreas hula zaidi ya GB 2 za simu yako. Ukilazimika kuanza na zilizotangulia, bando litaisha. Je, ni lazima?

Hapana. Kabla ya San Andreas ya 2004 zilitoka Grand Theft Auto III, 2001, na Vice City, 2002. Lakini kila moja ina mhusika mkuu wake, mji wake na kisa chake. Hata hadithi hazifuati mwaka wa kutoka: Vice City ni ya mwaka 1986, San Andreas 1992, na ile ya III ni 2001. Anza na unayoipenda.

The Walking Dead, iliyoanza 2012, ni tofauti. Binti Clementine anaendelea msimu wa pili, na maamuzi uliyofanya msimu wa kwanza yanakufuata. Ukianzia katikati, hutajua kwa nini analia.

Kwa hiyo kabla ya kupakua, uliza: mhusika ni yuleyule, na safari yake inaendelea? Kama ndiyo, anzia mwanzo.

Mzazi, zote hizi ni gemu za watu wazima, si za watoto.